Uzi Mwekundu Ndani ya Plagi

Binti wa Mama Kimya hakuwa na nguo isiyo na mfuko. Mama yake, ambaye ni fundi cherehani, alimshonea mfuko kwenye kila vazi: sketi, magauni ya nyumbani, koti la mvua, mpaka gauni la kitambaa chepesi alilolivaa kwenye harusi ya binamu yake. Mfuko wenyewe ulikuwa upande wa kushoto, mpana, wa kuzamisha mkono mpaka kwenye kifundo.

Wifi wa Mama Kimya, dada wa mumewe, mtu ambaye ulimi wake haujawahi kwenda likizo, alilikagua gauni lile la harusi akaguna.

"Wifi, huu mfuko ni wa nini? Mtoto anaenda kubeba misumari?"

"Ni wa mkono."

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Akishika umeme kwa mkono wa kulia, wa kushoto uwe na pa kukaa."

"Harusini?"

"Umeme hauulizi uko wapi," Mama Kimya akajibu, uzi ukiwa bado kati ya meno.

Sheria ya mfuko ilitoka kwa mumewe. Baba Kimya alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha kusaga nafaka, enzi zile vidole vyake vyote kumi vikimtii. Siku moja aliitwa kutazama mota iliyokuwa ikigoma. Hakujua kwamba mwenzake wa zamu iliyopita, alipochoshwa na swichi kuu inayojizima kila saa, alikuwa amekata ule waya wa kijani wenye mstari wa njano. Huo ndio waya wa ardhi. Kazi yake ni moja tu: umeme ukipotea njia ukaingia kwenye bati la mashine, waya huo unaushika na kuupeleka ardhini kabla haujampata mtu. Ulipokatwa, swichi iliacha kujizima, na kila mtu akafurahi kwamba mashine imepona. Baba Kimya akaweka mkono wa kulia kwenye mwili wa mota, wa kushoto kwenye mlango wa chuma. Umeme ukaingia huku ukatokea kule, ukapitia kifuani. Aliyemnasua ni mpakia magunia, kwa kumsukuma na ubao.

Mama Kimya alifika hospitali futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Mumewe alipona, ila vidole viwili vya mkono wa kulia vilijikunja na havikunyooka tena. Mwenyewe alivifanyia mzaha. "Hivi viwili vimestaafu mapema," aliwaambia waliokuja kumpa pole. "Vilivyobaki vinatosha kula."

Tangu hapo mkewe akawa mikono yake. Soketi ikilegea, plagi ikiungua, Baba Kimya aliketi kwenye kigoda akaelekeza, na Mama Kimya akashika bisibisi. Ndivyo mwanamke aliyeishia shule ya msingi alivyojua kufungua plagi, kuzitambua nyaya zake tatu na kuzikaza. Hakujua zaidi ya hapo, wala hakutaka. Lakini hicho alichokijua kilimwingia kwa woga, na kilichoingia kwa woga hakitoki. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, wanasema. Naye binti yake, mtoto wake wa pekee, akaamua kufuga nyoka kwenye chumba cha nyuma.

Jina la Kimya alipewa angali mchanga. Redio ikikoroma alilia; ikizimwa alinyamaza, akaitazama kama anayeidai maelezo. Alipokua aliacha kulia akaanza kuzifungua. Alimaliza shule, akapata kazi kwenye duka la kutengeneza simu, akawa anarudi jioni na macho mekundu na harufu ya lehemu kwenye nywele. Mama yake alilala vizuri miaka ile, maana simu haina umeme wa kuua mtu.

Kisha rafiki mmoja akamchukua kwenda kusindikiza kwaya iliyokuwa inarekodi. Kimya akaingia studio kwa mara ya kwanza. Waimbaji walitazama maikrofoni. Yeye alitazama masanduku ya chuma yaliyopangwa kwenye rafu, yenye vifundo vya kuzungusha na mishale inayocheza. Alirudi nyumbani kama mtu aliyeona mchumba.

"Nataka kutengeneza yale," alisema wakiwa mezani.

"Yale yapi?" baba yake akauliza.

"Priampu na kompresa."

Shangazi yake, wifi yule wa mfuko, ambaye hakuwahi kukosa chakula cha nyumba ile, akaweka kijiko chini. "Kompresa? Ya friji au ya kujaza matairi upepo?"

"Ya sauti, shangazi."

"Sauti nayo hujazwa upepo?"

"Hubanwa. Ikipaa sana inashushwa, ili ile ndogo nayo isikike."

"Ikikamilika," Baba Kimya akasema akiendelea kutafuna, "tuijaribu kwa shangazi yako."

Mama Kimya hakucheka. Alikuwa anajiuliza kama masanduku hayo yanachomekwa ukutani.

Yalichomekwa. Tena hayakuridhika na umeme wa ukutani. Ndani yake transfoma iliuchukua umeme ule na kuupandisha maradufu, kwa sababu Kimya alitaka kutumia valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, ambazo zikiwashwa huwa nyekundu kwa ndani kama kaa lililofunikwa na majivu. Michoro aliipata mtandaoni, kwa watu wa mbali wenye ugonjwa kama wake. Transfoma aliitoa kwenye redio kuukuu. Masanduku aliyakunja kwa bati, akayatoboa mwenyewe, akayapiga msasa mpaka kingo zikawa laini.

Mama yake aliielewa kazi ile kwa njia ya cherehani, na hakuona haja ya njia nyingine. Priampu ni ya kunyanyua sauti, maana sauti ikitoka kwenye maikrofoni huwa hafifu kama ya mgonjwa anayeomba maji. Kompresa ni kile kikaza uzi kilicho juu ya cherehani: ukikilegeza uzi unajikunja chini ya nguo, ukikikaza kupita kiasi nguo inafinyana. Fundi ni yule anayejua pa kukiacha. Alipomwambia Kimya hivyo, Kimya alifikiri, akasema, "Ndiyo. Ni hivyohivyo." Mama akaona fahari mchana kutwa, ingawa aliificha.

Lakini fahari haikuondoa woga. Mumewe alimweleza jambo moja ambalo lingefaa lisisemwe: kwamba ndani ya masanduku yale mna vikopo vidogo, kapasita, ambavyo hutunza umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. "Kama mtu mwenye kinyongo," Baba Kimya alisema. "Unadhani mmeyamaliza, kumbe anakungoja." Basi Mama Kimya akawa na safari nyingi za chumba cha nyuma. Aliingia kuuliza kama kuna joto. Aliingia kutafuta mkasi, mkasi ukiwa mkononi. Aliingia kutazama kama mkono wa kushoto uko mfukoni na viatu vya mpira viko miguuni, akatoka.

"Mama, mkasi unao," Kimya alisema siku moja bila kugeuka.

"Naona. Nilikuwa natafuta mwingine."

Na kila alipofagia chumba kile asubuhi, binti akiwa dukani, Mama Kimya alizichomoa plagi mbili za masanduku yale, akazifungua kwa bisibisi, akatazama. Waya wa ardhi alikuwa ameufunga kifundo cha uzi mwekundu, pale unapoingia kwenye skrubu yake, kama anavyoweka alama kwenye nguo ya mteja ili isichanganywe na ya mwingine. Akikiona kifundo, alikaza skrubu, akafunga, akaendelea kufagia. Kimya alijua. Aliliacha lipite, kama vile mtu anavyomwachia mama yake kumfunga vifungo vya koti.

Studio ile ilikuwa ya bwana mmoja mwenye tumbo la heshima na vidole vyembamba, aliyeitwa Kinanda kwa sababu ndicho alichopiga tangu utotoni. Kimya alimfuata akamwambia anachojenga. Kinanda hakumcheka. Alisema vyake vimechoka, vingine vimekufa, na alikuwa anafikiria kuagiza kutoka nje. Akamwambia, "Vikinyamaza, navichukua. Mimi sitaki urembo. Nataka mwimbaji akifunga mdomo, nisisikie kitu." Zaidi ya hapo akaahidi kwamba vikimfaa, kazi zote za ufundi wa studio zitakuwa za Kimya, na chumba kidogo cha pembeni atampa kiwe karakana yake. Kimya angeacha kutengeneza vioo vya simu vilivyopasuka. Ndilo jambo alilolitaka kuliko yote, na kwa kuwa haongei sana, alilisema mara moja tu, na mama yake akalisikia kila siku.

Masanduku yote mawili yalikamilika. Kila moja peke yake lilikuwa sawa. Shida ilianza yalipounganishwa kwa kebo ili sauti itoke kwenye priampu iingie kwenye kompresa. Hapo ukatokea mvumo. Haukuwa mkubwa, kama nyuki ndani ya chupa. Kimya alibadilisha valvu, mvumo ukabaki. Akageuza transfoma, ukabaki. Akahama meza, akahama dirisha, akazima friji ya nyumba nzima mpaka maziwa yakachacha, mvumo ukabaki.

"Labda unapenda hapa," baba yake alisema.

Kimya hakutabasamu. Kinanda alikuwa amesema atakuja mwisho wa juma.

Siku moja kabla ya ujio huo, Mama Kimya alifagia chumba cha nyuma kama kawaida. Akafungua plagi ya priampu: kifundo chekundu kipo. Akafungua ya kompresa. Skrubu ya waya wa ardhi ilikuwa imekaa peke yake, haina waya. Waya wenyewe ulikuwa umekatwa, umekunjwa nyuma na kuviringishwa utepe mweusi, vizuri kabisa, kazi ya mtu nadhifu. Kile kipande chenye uzi mwekundu hakikuwepo.

Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti cha binti yake, akakaa na plagi ile mkononi muda ambao angeweza kushona kola nzima. Kisha akaichomoa kebo yake nyuma ya sanduku, akaenda na plagi ile uani, akaiweka kwenye kiganja cha mumewe.

Baba Kimya aliipapasa kwa kidole gumba. "Huyu nani kamkata mguu?"

"Mwanao."

Akaacha mzaha. Wakaiweka plagi mezani, na Kimya aliporudi aliiona kabla hajavua viatu.

"Nilikuwa najaribu tu, Mama."

"Na?"

"Umenyamaza." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini furaha ilikuwemo. "Mvumo umekwisha kabisa. Kinanda ndiye aliyeniambia. Anasema wote wanafanya hivyo, mvumo ukisumbua unakata ardhi. Vya kwake vyote vimekatwa."

"Hata baba yako alinyamaza siku ile."

"Nilinyamaza sana," Baba Kimya akasema. "Watu walidhani nimeanza kuwa na adabu."

"Baba, hii sio mota ya kiwanda. Sanduku lote ni jipya, nimelijenga mwenyewe, najua kila waya ulipo."

"Leo unajua. Mwakani waya utalegea, na wewe hutakuwepo." Mzee akaugeuza mkono wake mbovu juu ya meza. "Mwimbaji anashika maikrofoni ya chuma, anaisogeza mdomoni. Unanielewa? Mdomoni. Huyo hana mkono wa kuweka mfukoni."

Kimya aliutazama mkono wa baba yake, ambao ameuona maisha yake yote, mpaka akawa haoni tena kama una kasoro. Alichukua plagi, akaingia chumbani, na mama yake akasikia bisibisi ikifanya kazi. Kisha swichi. Kisha, kupitia mlango uliokuwa wazi, ule mvumo ukarudi.

Kinanda alikuja alivyoahidi, akajaza kochi lote. Akavaa hedifoni, akafumba macho, akasikiliza. Kimya alisema maneno mawili matatu kwenye maikrofoni. Kinanda akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kisha Kimya akanyamaza, na Kinanda akafumbua macho.

"Sauti tamu sana. Ila nyuki wamo."

"Wamo," Kimya akakubali.

"Si nilikwambia dawa yake?"

"Dawa hiyo siwezi kuitumia."

"Kwa nini? Binti, nimefanya kazi hii tangu hujazaliwa, hakuna aliyekufa kwangu."

Mama Kimya alikuwa kwenye kona akikunja nguo ambayo ilikwisha kukunjwa. "Basi kata, baba," akasema taratibu. "Ila uimbe wewe wa kwanza, na viatu uvue."

Kinanda alicheka mpaka kochi likalia. Lakini alipomaliza kucheka akavua hedifoni, akaiweka juu ya sanduku kwa upole kama anavyorudisha mtu mtoto wa wenyewe. Akasema kuna kwaya inakuja kurekodi hivi karibuni, hawezi kuwarekodi na nyuki. Atasubiri kidogo. Ikishindikana ataagiza vya nje, na wasilaumiane.

Alipoondoka, Kimya aliingia chumbani akafunga mlango. Mlango huo, kwa makubaliano ya nyumba, haukuwa wa kufungwa. Mama yake alisimama nje yake, akainua mkono abishe, akaushusha.

Siku zilizofuata Kimya alikwenda dukani, akarudi, akala, akasema asante. Mama Kimya alishona mkono wa kushoto wa blauzi upande wa kulia, akafumua, akaushona tena upande uleule. Alikuwa na hakika ya jambo lile, na hakika hiyo haikumpa raha hata kidogo. Aliona kwamba amemwokoa mtoto asiyekuwa anakufa, na amemnyang'anya kitu kilichokuwa mkononi mwake.

"Nimemwekea kauzibe njiani," alimwambia mumewe.

"Umemwekea ardhi."

"Hivyo vinafanana, ukiwa kijana."

"Ngoja kwanza," Baba Kimya akasema. "Huyu redio ikizimwa alikuwa anaitazama. Hajaacha kuitazama."

Jumapili asubuhi mlango wa chumba cha nyuma ulifunguliwa. Kimya alisimama pale na hedifoni mkononi, nywele zimemsimama.

"Mama, njoo unisaidie. Masikio yangu yamechoka, yanasikia hata kisichokuwepo."

Mama Kimya alikuta masanduku yamefunguliwa matumbo, na kebo ile ya kuunganisha imechomolewa huku na huku. Kimya alikuwa amefumua kila kiungo kati ya sanduku moja na lingine, kama nguo iliyokataa kukaa mwilini. Sasa alitaka kuvirudisha kimoja kimoja. Kabla ya kugusa chochote alikuwa akichomoa plagi, kisha anavimaliza nguvu vile vikopo vyenye kinyongo kwa waya wake maalumu, mkono wa kushoto ukiwa umezama mfukoni. Mama aliliona hilo bila kutafuta mkasi.

"Wewe kazi yako ni kusikiliza tu. Ukisikia nyuki, sema."

Mama akavaa hedifoni. Ilikuwa na joto la masikio ya mwanawe. Kimya akaunganisha waya wa kwanza, akachomeka, akawasha, akasubiri valvu zipate joto.

"Bado," Mama akasema.

Akazima, akaunganisha wa pili, akawasha.

"Bado. Kimya kabisa. Nasikia cherehani ya jirani."

"Hiyo ni maikrofoni. Ongea kidogo, nione kama sauti inapita."

"Niseme nini?"

"Chochote."

Mama Kimya akaitazama maikrofoni ile kwa mashaka. "Kifua, kiuno, nyonga," akasema. "Urefu wa mkono. Bega." Sauti ikamrudia masikioni, karibu mno, nzito na laini, kila herufi imekaa mahali pake. Akanong'ona, "Bega," akajisikia. Akapaza, "Nyonga," na sauti haikumrukia. Ilibanwa taratibu, kama uzi unaopita kwenye kikaza chake. Hakujua kwamba sauti yake ina umri mdogo kiasi kile.

Uani Baba Kimya akaitikia, "Nimesikia. Nyonga za nani?"

Kimya alikuwa ameshazima, anaunganisha kiungo cha mwisho. Kilikuwa ule wavu wa waya mwembamba unaozunguka kebo kwa nje, kuizuia isiokote makelele ya hewani. Ncha yake moja ilishikana na bati la priampu. Akaishikiza ncha ya pili kwenye bati la kompresa, akawasha.

"Hapo," Mama akasema.

"Una hakika?"

"Nyuki huyo. Amerudi."

Kimya akazima, akaiachanisha ile ncha, akawasha. Mama akatikisa kichwa: hakuna. Akairudisha: yupo. Wakafanya hivyo mara kadhaa, mpaka Kimya akaketi sakafuni.

"Nilikuwa naitafuta shida ndani ya masanduku," akasema, "nayo ilikuwa njiani."

Akaeleza, na kwa sababu alikuwa amefurahi, alieleza kwa maneno mengi kuliko ya mwezi mzima. Masanduku mawili, kila moja lina waya wake wa ardhi kwenye plagi. Hiyo ni njia moja inayoyaunganisha. Wavu wa kebo ukishikizwa pande zote mbili, ni njia ya pili. Njia zikiwa mbili zinafanya duara, na umeme mdogo unazunguka humo kama mbwa anayefukuza mkia wake. Mbio za mbwa huyo ndizo mvumo. Anayetaka anyamaze lazima alivunje duara.

"Kwa hiyo kukata kulitakiwa," Mama akasema polepole.

"Kulitakiwa. Nilikata pasipo penyewe tu. Wavu ukiachwa wazi ncha moja, bado unafanya kazi yake, na hakuna anayekufa. Waya wa plagi unabaki."

Mama Kimya akavua hedifoni. Alitaka kusema mengi: kwamba alikuwa akishona mikono ya blauzi kinyume, kwamba hajala vizuri. Akasema, "Umekula?"

"Sijala."

"Njoo."

Kabla ya kula, Baba Kimya alitaka mita ya kupimia nyaya iletwe. Akaketi kwenye kigoda, akaelekeza, na safari hii aliyeshika ni binti. Wakapima kutoka bati la kila sanduku mpaka mguu wa ardhi wa plagi yake, mshale ukakaa ulipotakiwa. Mzee akasema sawa. Mkewe alimjua: neno hilo kwake ni kama ngoma kwa watu wengine.

Studio ya Kinanda ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Kuta zilikuwa zimefunikwa magodoro membamba, na hewa haikuwa na mwangwi. Ukikohoa, kikohozi kilikufia mdomoni. Kimya alibeba sanduku moja, mama yake la pili, akilikumbatia kama beseni la maji ya moto. Kimya akayapanga kwenye rafu, akayaunganisha, akayawasha. Kinanda akavaa hedifoni, akafumba macho. Akasubiri. Akafumbua jicho moja.

"Umewasha?"

"Nimewasha."

"Usinitanie."

Kimya akasogea kwenye maikrofoni, akasema jina la siku ile. Kinanda akaruka kidogo kwenye kiti. Vidole vyake vyembamba vilianza kupiga kinanda kisichokuwepo juu ya goti.

"Umekata ardhi hatimaye," akasema.

"Sijakata. Fungua uone."

Hakufungua. Aliamini, au alikuwa mvivu. Akasema vyote viwili vinabaki, na chumba cha pembeni ufunguo wake uko kwenye msumari pale, ingawa kumejaa viatu vya mwenye duka, itabidi vitolewe kwanza. Mama Kimya akakaa kwenye kiti cha waimbaji.

Kimya hakwenda kwenye ufunguo. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya rafu, pale plagi za mitambo mingine ya Kinanda zilipojazana kama vifaranga.

"Hivi vyote umevikata?"

"Nilikwambia. Dawa yangu."

"Basi siwezi kuviacha vyangu hapa. Mwimbaji hajui anachokishika kimeunganishwa na kipi." Hakuwa amepandisha sauti. "Nivirudishie ardhi vyote kwanza. Halafu nitaondoa nyuki, kebo moja baada ya nyingine."

"Binti, nimechukua mashine. Sijaajiri fundi wa plagi."

"Vinakuja pamoja."

Kinanda akamtazama mama mtu, kama anayeomba msaada kwa mkubwa mwenzake. Mama Kimya aliinamisha kichwa akawa anafuta vumbi lisilokuwepo kwenye sketi.

"Kwaya inakuja keshokutwa," Kinanda akasema.

"Ninayo kesho yote."

Akapuliza pumzi ndefu, tumbo likashuka. "Zima swichi kuu, iko mlangoni," akasema. "Na ukikuta plagi yangu ya kinanda, ifungue kwa adabu. Imenilea."

Kimya alizima, akavuta plagi ya kwanza, akaifungua. Mkono wa kushoto uliingia mfukoni wenyewe, ingawa umeme haukuwepo, mazoea. Akavua utepe mweusi, akakunjua waya wa kijani uliokuwa umejikunja huko ndani kwa miaka, akausafisha ncha, akauingiza chini ya skrubu. Akakaza. Akaitazama kazi yake, na bado akawa hajaridhika.

"Mama," akasema bila kugeuka, "una uzi?"

Mama Kimya alikuwa nao, kama siku zote, umeviringishwa kwenye sindano iliyochomekwa nyuma ya kola. Akaukata kwa meno.